Maji ya Kupozea Kibanda cha Nyota

Kabla hujasema niliota, ujue kwamba niliandika. Niliandika siku ileile, kipimajoto kikiwa kimening'inia mbele yangu, na daftari lipo. Ukurasa wa siku hiyo umekunjamana kwa maji na haujanyooka mpaka leo, ingawa niliuanika juani wiki nzima. Mtu anayeota haandiki nyuzijoto. Mimi niliandika nyuzi ishirini na saba, halafu chini yake, siku hiyohiyo, kumi na nane. Nitafika hapo.

Tena haikuwa usiku. Najua mambo ya namna hii watu huyapenda yawe ya usiku, na mbwa wawe wanabweka. Huyu mgeni wangu alikuja saa nane mchana, Alhamisi, jua likiwa kali mpaka kuku walikuwa wamelala chini ya mkokoteni wameachama midomo. Nilimwona vizuri. Nilimwona vizuri kuliko nilivyotaka.

Nianze na kibanda, maana bila kibanda asingekuja.

Kwetu ni Getanuwas, wilaya ya Hanang. Marehemu Babu alihamia huku kutoka Endagikot, upande wa Mbulu, ambako watu hulala na blanketi mbili, na Bibi hajawahi kuisamehe Getanuwas kwa joto lake. Nyumbani tupo Baba, Mama, Bibi, kaka yangu Safari na mimi. Mimi nimemaliza kidato cha tatu. Siongei sana. Hapo nimejipendelea, mgeni akiwepo siongei kabisa. Mtu akipiga hodi mbele, mimi natokea mlango wa nyuma. Safari ananiita Bibi Kimya.

Safari yuko chuo, anasomea ualimu wa fizikia. Mwaka juzi alirudi likizo na darubini. Si ya dukani. Mwili wake ni bomba nene la plastiki, lile la kupitishia maji, na kioo chake kilitoka kwenye darubini mbovu iliyokuwa inakula vumbi stoo ya chuo wakampa. Akaijengea kibanda nyuma ya nyumba, karibu na zizi la mbuzi. Tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, na paa la mabati linalosukumwa kwenye reli za chuma mpaka anga lote linabaki wazi juu yako. Tofali na mabati vilikuwa vya Baba, alivyoweka kwa ajili ya banda jipya la mbuzi. Safari alimwomba kwa maneno matamu na Baba akakubali huku anaangalia pembeni.

Kasoro ikaonekana mapema. Kibanda kilikuwa tanuri.

Mimi nilidhani joto ni shida ya anayekaa ndani tu. Safari akanieleza kwamba darubini yenyewe haitaki joto. Haiungui, hapana. Ila tofali na saruji zinakunywa jua mchana kutwa, na jioni zinaanza kulitapika. Hewa ya moto inapanda mbele ya kioo, na nyota unayoiangalia inacheza kama kokoto chini ya maji yanayopita. Unatakiwa kibanda kiwe na baridi sawa na hewa ya nje kabla hujaanza kuangalia. Safari alikijenga kama mtu anayejenga nyumba ya kuishi, imara, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Siku ya Pasaka aliita familia yote ije kuona sayari. Baba aliinama kwenye tundu la darubini kwa muda mrefu.

"Naona kiini cha yai," alisema. "Kinachemka."

Bibi naye akainama. "Haya mimi nayaona hata bila bomba. Ni macho yangu."

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Safari hakucheka. Baba akasema, bila hasira, kama anavyopanga kazi za shamba: "Safari, Desemba ukirudi nitaangalia mara nyingine. Saa moja na nusu, siyo saa nne, mimi saa nne nimelala. Nikiona kitu cha maana, kibanda kitabaki. Nikiona yai tena, kesho yake nabomoa, mbuzi wapate nyumba."

Utauliza hayo yananihusu nini mimi. Yananihusu kwa sababu Safari akiwa chuo kibanda kilikuwa changu. Nyumbani nalala chumba kimoja na Bibi, na mlango wetu ni pazia. Kibandani kulikuwa na mlango wa mbao wenye komeo la ndani. Humo ndimo nilimoandika daftari hili. Humo nilijificha wageni wakija. Na humo, nikubali tu, nilikuwa nasoma kwa sauti kitabu chochote nilichopata, kwa sababu nilitaka kujua sauti yangu ikoje.

Kwa hiyo Desemba ilipofika, na Safari akawa bado anamalizia mitihani, kazi ya kupoza kibanda ilikuwa yangu. Alinitumia maelekezo kwenye simu ya Mama, kwa sauti, nami nikayaandika.

"Mdogo wangu, paka chokaa nje, kuta na bati, usibakize hata kidole. Halafu toboa matundu, mawili chini upande upepo unakotoka, mawili juu upande wa pili, moto utoke wenyewe. Juu ya bati weka nyasi, lakini usizilaze kwenye bati. Ziinue kwa fito, hewa ipite katikati. Betri ya gari ya kuwashia taa itoe nje, nayo inatoa joto. Saa kumi na moja sukuma paa, usisubiri giza."

Nilifanya yote. Mikono ilichubuka kwa chokaa. Saa nane mchana joto la ndani lilishuka kutoka nyuzi arobaini na moja hadi thelathini na tano. Ila saa moja na nusu jioni bado ndani kulikuwa na nyuzi saba zaidi ya nje. Yai lingechemka tu.

"Magunia," Safari akasema. "Yaloweshe maji, uyatundike ukutani ndani na nje. Maji yakikauka yanaondoka na joto, kama jasho. Lakini siyo viroba vya plastiki. Tafuta ya katani."

Magunia ya katani siku hizi utayapata wapi? Bibi alikuwa nayo manane, yamekunjwa chini ya kitanda, ya zamani zile Babu alipokuwa akivuna ngano Basotu. Alinipa baada ya kuniuliza mara tatu kama nitayarudisha. Nikayalowesha kwa maji ya bomba la kijiji, nikayatundika, na kwa siku mbili kila kitu kilienda vizuri. Tofauti ya ndani na nje ikabaki nyuzi mbili.

Jumatatu bomba likakauka. Pampu, walisema. Fundi atakuja, walisema. Mvua zilikuwa zimechelewa na lambo la ng'ombe lilikuwa tope zito la kufyatulia tofali. Safari angefika Ijumaa jioni, na Baba angeangalia Jumamosi.

Palibaki Mkuyuni.

Mkuyuni ni chemchemi iliyo chini ya mawe, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Sheria yake kila mtu wa huku anaijua, hata majirani zetu Wabarabaig, ambao ng'ombe wao hawanyweshwi pale hata lambo likiisha. Maji yale ni ya kunywa. Hayafui, hayajengi, hayanyweshi mifugo. Na ukiwa umeyabeba, mtu yeyote mkikutana akikuuliza, "Maji ya wapi?", unatua mzigo, unamjibu, "Ya Mkuyuni," na anakunywa kwanza ndipo uendelee. Hata kama ni mtoto. Hata kama ni mtu mliyegombana jana. Ndiyo maana akina mama huenda kwa makundi asubuhi, wanataniana, wananyweshana njiani.

Hebu fikiria mtu kama mimi kwenye njia hiyo. Kila hatua ishirini kuulizwa, kutua, kujibu, kutazamwa wakati mtu anakunywa. Nikaamua kwenda saa sita, wakati watu wote wapo kivulini, na punda wetu, na madumu sita nimeyafunika kwa khanga. Jumanne nikaenda. Jumatano nikaenda. Alhamisi nikaenda. Sikukutana na mtu hata mmoja, na nilijiona mwerevu.

Alhamisi hiyo nilikuwa nimemaliza kumwagia magunia. Nimekaa kwenye kigoda, nimeandika "saa 8:05, nyuzi 27", nikasikia:

"Hodi."

Niligeuka kutafuta mlango wa nyuma. Kosa lingine la Safari, kibanda chake kina mlango mmoja.

"Hodi humu ndani."

"Karibu," nikasema, kwa sababu hapakuwa na pa kutokea.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, umri wa mama yangu au kumzidi kidogo. Alijifunga shuka la rangi ya udongo, na ncha za shuka zilikuwa zinadondosha maji. Lakini midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la lambo. Niliona hivyo vitu viwili kwa pamoja na vikakataa kukaa pamoja kichwani.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. Wewe umeshaona mtu mzima, mahali popote, anayeachia shikamoo ianguke? Mimi sikuwahi. Alisimama tu mlangoni, akaangalia magunia, moja baada ya jingine, kama mtu anayezikuta nguo za wanawe kwenye kamba ya jirani.

"Maji haya ya wapi?" akauliza.

Nilijua jibu. Mtoto wa miaka minne huku kwetu anajua jibu. Lakini nilifikiria haraka. Nikisema ya Mkuyuni atauliza yanafanya nini ukutani, na ataenda kusema, na kesho nyumba nzima itajaa watu wanaouliza, wote wananitazama mimi. Na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Ya bombani."

"Bomba limekauka tangu Jumatatu."

"Tuliweka akiba."

"Kwa hiyo si ya Mkuyuni."

"Si ya Mkuyuni," nikasema. Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa. Hilo linanisumbua kuliko mengine. Miaka yote nashindwa kuongea na wageni, na siku niliyoweza ilikuwa siku ya kudanganya.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea taarifa. "Basi kama si ya kule, sina cha kurudia," alisema. "Hapa pana baridi. Nikae?"

"Karibu, ukae."

Ningesema nini kingine? Ndivyo tulivyofundishwa. Nikachota kikombe cha maji kwenye dumu, maana mgeni hakaribishwi mikono mitupu, nikamnyooshea. Hakushika kikombe. Alishika mkono wangu ulioshika kikombe. Baridi ilinipanda mpaka kiwiko, siyo baridi ya kuuma, baridi ya ndani ya jiwe. Kisha akaniachia, akaenda kukaa sakafuni, mgongo ukutani katikati ya magunia mawili, akafumba macho. Alikaa kama mtu aliyetembea sana.

Mimi nikafanya ninachofanya siku zote. Nilitoka. Nilienda kusimama nyuma ya zizi la mbuzi, mahali ambapo mlango wa kibanda naona, nikasubiri aondoke. Hakutoka mtu. Niamini, sikuyatoa macho pale. Baada ya robo saa hivi nikarudi taratibu, nikachungulia. Hakuna mtu.

Sakafuni kulikuwa na alama ya maji, ya mtu aliyekaa, nyayo na vidole vyote kumi. Kipimajoto kilisema kumi na nane. Nikakigonga. Nikakitoa nje, kikapanda mpaka thelathini na sita. Nikakirudisha, kikashuka. Nikaandika.

Niliogopa? Nitakuambia jambo ambalo sikumwambia hata Bibi. Nilifurahi.

Ijumaa sikwenda kuchota. Magunia yalikuwa bado yanadondosha. Punda, ambaye siku zote hupita mbele ya kibanda kwenda kwenye kivuli chake, alikataa kupita. Nilimvuta akakaa chini. Nikamwacha.

Safari alifika jioni, na begi bado likiwa mgongoni akaingia kibandani. Akatoka. Akaingia tena.

"Bibi Kimya! Umefanyaje?"

"Magunia."

"Magunia gani yanashusha mpaka kumi na saba?"

"Ya Bibi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nasoma miaka mitatu, nakuja kushindwa na magunia ya Bibi."

Jumamosi, saa moja na nusu, Baba alikuja amevaa koti la kanisani, sijui kwa nini. Safari alisukuma paa. Baba akainama, na mara hii alibaki ameinama mpaka Mama akamuuliza kama amelala.

"Safari," alisema, "umebandika picha humu?"

"Weka mkono mbele ya bomba, Baba."

Akaweka. Akautoa. Akauweka tena. "Ina pete," alisema polepole. "Imetulia kabisa. Ina pete kama kofia yenye ukingo." Ilikuwa Zohali. Mama akaangalia akiwa amejifunika khanga mbili, anatetemeka, akauliza kama Safari ameleta friji kutoka chuo. Baba akatangaza kwamba kibanda kibaki, na mbuzi watavumilia.

Bibi alikuwa wa mwisho. Hakuinama kwenye darubini. Alisimama mlangoni akivuta hewa.

"Mbona humu kunanukia Mkuyuni?" aliuliza.

Wote walikuwa wanacheka.

Jumapili, kabla hatujatoka kwenda kanisani, alikuja jirani yetu Mama Paulina na ndoo tupu. "Mkuyuni pamekauka," alimwambia Mama. "Sisemi pamepungua. Nimeingiza mkono mpaka chini, nimetoa vumbi." Akamwonyesha kiganja.

Sijui kama unaelewa maana yake. Bomba halina maji, lambo ni tope, na Mkuyuni vumbi. Siku ile Mama alirudi saa tisa na dumu moja, kutoka mbali sana. Jumatatu tukasikia kwamba mtoto mdogo wa Mama Paulina, wa miaka miwili, ameanza kuhara kwa maji ya lambo, na jioni wakasema amelegea, amepelekwa zahanati.

Nilienda kibandani peke yangu. Magunia yalikuwa siku ya nne hayajaongezwa tone, na yalikuwa yanachuruzika. Ile alama sakafuni ilikuwa palepale, mbichi. Sikumwona mtu, lakini kulikuwa na mtu. Nikafunga mlango.

"Mama," nikasema, "naomba urudi. Nilidanganya. Yalikuwa ya kwako."

Hakuna kilichobadilika. Kipimajoto kilisema kumi na tano. Nikabaki pale mpaka meno yakaanza kugongana, kisha nikaenda kumtafuta Bibi.

Alikuwa anachambua maharage. Nilimweleza yote, nikiangalia maharage. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Ukiulizwa unatakiwa useme nini?"

"Ya Mkuyuni."

"Ukasema?"

"Ya bombani."

"Na ukamkaribisha."

"Alipiga hodi, Bibi."

"Sikulaumu kwa kumkaribisha." Akatupa haragwe bovu. "Umemwambia maji si yake, halafu umempa mahali pazuri pa kukaa. Sasa arudi kufanya nini? Wewe ungerudi?"

"Nimeshamwomba samahani. Sasa hivi."

"Wapi?"

"Kibandani. Nimefunga mlango."

Bibi akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Umefunga mlango," alisema. "Mjukuu wangu, Mkuyuni ni ya watu wote, na wewe unaomba msamaha umejikomea. Mahali ulimpa wewe, ukapaondoe wewe. Na lile neno ukalisemee kulekule, watu wakiwepo."

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda papo hapo. Sikwenda. Nililala, au nilijilaza, na usiku nikafikiria ujanja. Niende alfajiri kabla ya watu? Niandike barua, Bibi aisome? Asubuhi Mama Paulina alipita akitoka zahanati kuja kuchukua nguo, na hakutusalimia. Hakutuona. Ndipo nikamfuata Baba.

"Baba, naomba kibanda kibomolewe."

"Nilishasema kibaki."

"Naomba kibomolewe leo. Nitakusaidia."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizomwambia mwaka huo, na nadhani alishtuka kwa hilo kuliko kwa ombi lenyewe. Safari alinitazama kama nimempiga. "Mdogo wangu, nimekukosea nini?" Nikaleta ngazi nipande. Lakini alipanda mwenyewe kufungua bati la kwanza, na alipolishika upande wa chini akatoa mkono haraka. Jua lilikuwa kali, bati lote lilikuwa la moto juu, na chini lilikuwa limetoka jasho la baridi kama chupa ya soda. Hakuuliza tena. Alivunja na sakafu.

Magunia manane nilimpakia punda. Alikubali kubeba, na alijua njia kabla sijamwongoza.

Mkuyuni nilikuta akina mama kumi hivi na majembe, wanachimba vumbi kutafuta unyevu. Mama Paulina alikuwepo, anatafuta maji ya kupeleka zahanati. Waliponiona na mzigo unaochuruzika wakainua vichwa, kisha mmoja wao akauliza, kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema habari za mchana: "Maji ya wapi, binti?"

Nilitua magunia.

"Ya Mkuyuni," nikasema. "Nilichota mimi, siku tatu, saa sita mchana. Nilipozea kibanda cha nyota. Nikaulizwa, nikasema ya bombani. Ni ya hapa."

"Huyu anaongea?" mmoja akasema. "Mimi nilijua ni bubu." Wawili wakacheka, kisha hakuna aliyecheka.

Mama Paulina aliacha jembe. "Mwanangu ana dripu mkononi kwa ajili ya nyota?"

Nikasema ndiyo.

Nilianza kukamua magunia juu ya lile shimo. Hakuna aliyenisaidia mwanzoni. Gunia moja likatoa maji ya ndoo nzima, halafu likatoa ndoo nyingine. Ndipo wakasogea. Nilikamua mpaka vidole vikafa ganzi, na kila gunia likatoa zaidi ya linachoweza kubeba, kila aliyekuwepo ameona, muulize yeyote. La nane lilipoisha vumbi lote lilikuwa tope. Nyuma yangu mtu alivuta pumzi ndefu, karibu kabisa na sikio. Niligeuka. Akina mama wote walikuwa mbele yangu.

Usitegemee muujiza. Asubuhi yake kulikuwa na maji ya kujaza kikombe. Siku hizi dumu moja linajaa kwa muda ambao zamani yangejaa kumi, na akina mama wanapanga foleni, na wakiniona nimefika wananipisha nichote kwanza niondoke. Mtoto wa Mama Paulina alipona. Mama yake ananisalimia, ila haulizi maji yangu ni ya wapi.

Mabati yapo kwenye banda la mbuzi. Mbuzi wanalala nje. Safari alikaa miezi miwili bila kunitumia neno, kisha akatuma kwamba darubini ameiweka wazi uwanjani kule chuo, haina kuta za kuipa joto, na inaona vizuri kuliko ilivyowahi kuona. "Kumbe haikuhitaji nyumba," alisema. Mimi ndiye niliyeihitaji. Sasa naandika jikoni, na mlango uko wazi.

Na mkono wangu wa kulia haujapata joto. Mama huniita nimwekee kwenye paji la uso mtu akiwa na homa. Wazee wakinipa mkono wanarudisha wao haraka, shikamoo haijaisha kuitikiwa.

Kwa hiyo sikiliza. Ukipoza nyumba yako, poza kwa maji ambayo unaweza kuyataja. Na ukipita Getanuwas mchana wa jua kali umebeba ndoo, ukakutana na binti amesimama kando ya njia, ni mimi. Nitakuuliza maji ni ya wapi. Sijui kwa nini siku hizi nauliza. Mdomo unauliza wenyewe, hata kwa watu nisiowajua. Usiwe na haraka. Tua ndoo yako, unijibu ukweli, uniache ninywe.